Nilivyovua Samaki Katika Maji ya Baridi Kali



Tangu niliporudi kutoka safari yangu ya Marekani watu wananiuliza habari za majumba marefu, na mama mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba huko mbwa hulala kitandani. (Ni kweli, nimemwona.) Lakini mimi ni karani wa parokia kisiwani Ukerewe, nimezaliwa kando ya ziwa, na macho ya mtu hutafuta kile alichokizoea. Nilipofika huko nilitazama maji. Kwa hiyo leo nataka kuwaeleza jinsi watu wa kule wanavyovua samaki mwishoni mwa majira ya baridi, wakati maji ni ya baridi kama yaliyotoka katika friji, tena maangavu hata waliona jiwe lililo chini kana kwamba hapana maji juu yake.

Kwanza jina la samaki mwenyewe. Likitamkwa kwa ulimi wetu ni basi. Si basi la kupanda kwenda Mwanza, wala si ile basi ya kumwambia mtoto anyamaze. Ili tusichanganyikiwe nitamwita samaki-basi. Yuko wa namna tatu katika ziwa nililolifikia: wa mdomo mpana, ambaye taya lake hupita nyuma ya jicho, wa mdomo mdogo, mwenye rangi ya shaba na macho mekundu, na wa madoa, aliye mdogo kuliko wenzake. Asidhani msomaji kwamba samaki huyu hajafika Afrika ya Mashariki. Wa mdomo mpana aliletwa Kenya katika Ziwa Naivasha miaka ya 1920, akazaa humo, na wavuvi wa Naivasha wanamfahamu vizuri. Lakini Naivasha ni nchi ya jua la ikweta. Huyo wa kule kwao Marekani huishi katika baridi ambayo samaki wetu wangekufa nayo wote siku ya kwanza.

Sasa mahali. Parokia yetu ina udugu na parokia moja ya jimbo la Tennessee, na mwezi wa Februari 2025 walitualika watu watatu, yaani Baba Paroko, mama mmoja wa WAWATA, na mimi. Mimi nilipangiwa kukaa kwa mzee mmoja aliyefiwa na mke wake, fundi wa mabomba mstaafu, mwenye miaka 80. Nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima wala si la kumcheka, naye akalipenda hata akawaambia jirani zake wamwite hivyo. Siku ya pili aliniuliza baba yangu hufanya kazi gani. Nikamjibu kwamba ni mvuvi. Hakusema neno, akaondoka, akarudi na koti zito, soksi za sufu jozi mbili na kofia ya kufunika masikio, akaviweka mezani mbele yangu. Basi nikajua twaenda ziwani.

Ziwa hilo huitwa Dale Hollow, nalo liko mpakani mwa Tennessee na Kentucky. Si ziwa aliloliweka Mungu tangu mwanzo, bali ni mto Obey uliozibwa kwa ukuta na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Kazi ilianza mwaka 1942 na ukuta ukamalizika mwaka 1943, ili kuzuia mafuriko ya mito ya chini, na baadaye wakaweka mitambo ya umeme. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 112. Ziwa letu la Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwa hiyo Dale Hollow ungeweza kulimwaga ndani ya ziwa letu mara mia sita. Mzee nilipomwambia hesabu hiyo alinitazama kama ananishuku. Lakini ziwa lake lina sifa yake. Tarehe 9 Julai 1955 mtu mmoja wa Kentucky aitwaye David Hayes alivua humo samaki-basi wa mdomo mdogo mwenye uzito wa ratli 11 na aunsi 15, yaani kilo 5 na gramu 400 hivi, na hajapatikana mwingine wa namna hiyo duniani aliyemzidi katika vitabu vya rekodi. Ilitokea fitina. Mwaka 1996 rekodi ilifutwa kwa sababu ya hati ya kiapo iliyodai kwamba samaki alitiwa vyuma tumboni kabla ya kupimwa, kisha mwaka 2005 ikarudishwa. Nami niliposikia hayo nilicheka, maana nilidhani ni sisi tu tunaogombana kwenye mizani ya samaki.

Chini ya maji hayo kuna kijiji. Kiliitwa Willow Grove, na watu wake walihamishwa ziwa lilipokuwa linajaa. Misingi ya shule yao ingali huko chini, na wapiga mbizi huenda kuitazama. Mzee alizaliwa mwaka 1944, baada ya maji, lakini wazazi wake walitoka huko. Tulipopita juu ya mahali fulani alizima injini, akaonyesha maji kwa kidole, akasema, "Hapa babu yangu alikuwa akilima mahindi." Nikatazama chini nikaona kijani kinachoingia gizani. Tulinyamaza kidogo, kisha akawasha tena.

Nimetangulia mbele ya habari. Turudi gatini, saa moja asubuhi, kwa maana hapo ndipo nilipopata somo ambalo sitalisahau. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, miti yote haina majani isipokuwa mierezi na misonobari, na mbao za gati zilikuwa na barafu nyembamba iliyolia chini ya viatu. Mashua ilikuwa ya alumini, si kubwa kuliko mtumbwi wa kawaida wa kwetu. Nikaingia nikaketi. Mzee hakuingia. Alisimama gatini akiwa ameshika jaketi la kuokolea, lile la kuelea, akaningoja nilivae. Nililivaa. Akasema nifunge vifungo vyote. Nikafunga. Akashika mabega ya jaketi akalivuta juu kuona kama litanitoka kichwani. Kisha akavaa la kwake, akaketi penye injini, akajifunga kamba fupi iliyotoka kwenye swichi ya injini, ili akianguka majini injini izimike wala mashua isimkimbie au kumzungukia na kumkata. Alinieleza kwamba tangu Aprili 2021 sheria ya nchi yao inataka kamba hiyo katika mashua ndogo za namna ile, na jaketi lazima liwemo chomboni kwa kila mtu.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona ukingo uko karibu? Mimi naogelea tangu nikiwa na miaka mitano."

Akaniambia nitie mkono majini. Nilitia. Kipima joto cha mashua kilionyesha nyuzi 8 za sentigredi. Wasomaji, maji ya ziwa letu huwa nyuzi 25 hivi. Kabla sijahesabu hata hamsini vidole viliniuma kama vimebanwa na mlango, na nilipoutoa mkono sikuweza kufunga kifungo cha koti. Ndipo akanifundisha hesabu wanayofundishana watu wa nchi za baridi: moja, kumi, moja. Mtu akianguka katika maji ya baridi kama yale, dakika 1 ya kwanza mwili hushtuka, pumzi humtoka na kuingia kwa nguvu bila yeye kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo humeza maji, ikawa ndiyo mwisho wake, ajapokuwa bingwa wa kuogelea. Akiishinda dakika hiyo, ana dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu yake bado inamtii. Baada ya hapo haviwezi kushika kamba wala kupiga maji. Kisha ana saa 1 hivi kabla hajapoteza fahamu kwa baridi. Saa hiyo moja ni mali ya mwenye jaketi tu, kwa sababu asiye nalo amekwisha kuzama wakati mikono ilipokataa kazi. Kwa hiyo jaketi la kule si la asiyejua kuogelea. Ni la kila mtu.

Hapo niliwaza kwetu, na ndugu msomaji utaniwia radhi nikieleza. Karani wa parokia ndiye anayeandika kitabu cha marehemu. Jina la kwanza kabisa nililoandika kwa mkono wangu katika kitabu hicho, mwezi wa Julai 2014, lilikuwa la mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, aliyenifundisha kufunga ndoana nikiwa bado sijaanza shule. Upepo wa kusi uliupindua mtumbwi usiku. Mwenzake alishika dumu tupu la mafuta akaokolewa asubuhi. Mjomba alikuwa mwogeleaji kuliko watu wote wa mwaloni wetu. Maji yetu si ya kuua kwa baridi upesi kama ya kule, lakini usiku ni mrefu, mawimbi yanachosha, na mtu akichoka akachoka, kuogelea kunakwisha. Walimwona siku ya tatu. Tangu hapo nimeandika wavuvi wengine, nami huwa najua kabla sijauliza: jaketi halikuwapo, au lilikuwapo likakaliwa kama mto wa kuketia, kwa kuwa kijana akilivaa wenzake humwita mwoga. Mzee nilimweleza habari hiyo tukiwa bado gatini. Alivua kofia yake, akakaa hivyo kichwa wazi katika baridi ile mpaka nilipomaliza.

Haya, sasa kuvua.

Chuoni kwa walimu tulifundishwa kwamba maji huwa mazito kupita yote yakifika nyuzi 4 za sentigredi. Mimi mwenyewe nililiandika jambo hilo ubaoni wakati wa mazoezi ya kufundisha, watoto wakalinakili, na sote hatukujua lina kazi gani duniani. Kule nililiona kazini. Wakati wa joto maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini, kama mafuta juu ya mchuzi, wala hayachanganyiki. Baridi ikija maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, ya chini hupanda, na mwisho ziwa zima huwa karibu na baridi moja toka juu hata chini. Ziwa letu nalo hukorogeka kwa namna yake. Miezi ya Juni hata Agosti kusi hulipoza na kulivuruga, maji ya vilindini huja juu, na pengine tunaona samaki wanaelea wamekufa kwa sababu maji yale ya chini hayakuwa na hewa. Wazee wetu husema ziwa limegeuka, nao wanasema kweli.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama kuku au ng'ombe. Maji yakipoa naye hupoa. Chakula ambacho wakati wa joto hukisaga upesi, wakati wa baridi chaweza kumkalia tumboni siku kadhaa. Kwa hiyo samaki-basi wa Februari hana njaa ya kumhangaisha, wala hakimbilii kitu. Lakini hakulala kabisa. Siku zinaanza kurefuka, majike wana mayai tumboni, na maji yakifika nyuzi 10 hivi wataanza kusogea kuelekea maji mafupi, ili yakifika 15 au zaidi wazae. Ndiyo maana mwisho wa baridi ni wakati wa kupata samaki wakubwa, kwa mtu mwenye subira. Hukaa penye magenge ya mawe yanayoshuka wima majini, apate kupanda na kushuka pasipo kusafiri mbali, na hasa upande unaopigwa na jua la mchana, kwa kuwa mawe yakipata joto huyapasha na maji kidogo. Kwetu nani angehesabu nusu digrii? Kule nusu digrii ndiyo tofauti ya kapu tupu na kapu lenye kitu.

Yeye humngoja nani hapo? Kuna visamaki vidogo vya ukoo mmoja na dagaa wa Kigoma (si dagaa wetu wa Mwanza, huyo ana ukoo wake mwingine). Visamaki hivyo havistahimili baridi. Maji yakipoa sana hulegea, hutetemeka mahali pamoja, hugeuka ubavu, vingine hufa. Samaki-basi huviokota polepole kama mzee anayekula karanga. Basi ujanja wote wa mvuvi ni kufanya chambo chake kifanane na kisamaki kinachokufa kwa baridi, wala kisifanane na kisamaki kinachokimbia. Sisi tumezoea kuvuta chambo ili kipate uhai. Kule ukikivuta umekosa.

Vyombo vyenyewe nitavieleza, kwa sababu najua wako watakaotaka kujaribu. Ufito ulikuwa mrefu wa futi 10, laini. Mshipi ulikuwa wa nailoni nyembamba wa nguvu ya ratli 6, nami niliuona ni uzi wa kushonea tu. Lakini katika maji maangavu samaki huona mshipi mnene kama wewe unavyoona kamba ya nguo uani. Mwisho wake ndoana ndogo yenye kichwa cha risasi, uzito wake gramu 2 hivi, imefungwa manyoya ya bata ya rangi ya kijivu na nyeupe. Juu ya ndoana hiyo, futi 12, kiboya cha ukubwa wa ndimu ndogo. Ukitupa, unaacha. Huvuti. Kiwimbi cha upepo kinakitikisa kiboya, kiboya kinayatikisa manyoya, na manyoya yanapumua majini kule chini. Ufito ni mrefu kwa sababu huwezi kutupa futi 12 za mshipi kwa ufito mfupi.

Tulikaa hivyo mbele ya genge moja. Hapana kelele, hapana kugonga sanduku la vyombo, wala kusimama ovyo mashuani, kwa maana palipo na maji kama kioo wewe humwona samaki naye hukuona, tena yeye ndiye huanza. Nusu saa. Saa. Vidole vya miguu vilikufa ganzi. Juu ya mti mkavu alikuwapo tai wao mwenye kichwa cheupe, ambao huja kwa wingi ziwani humo wakati wa baridi, na kwa jinsi alivyofanana na furukombe wetu nilimwonea huruma kwa kuwa mbali na nyumbani, nikasahau kwamba aliyekuwa mbali na nyumbani ni mimi. Saa mbili zikapita. Mzee hakubadili mahali hata mara moja. Kwetu mvuvi asiyepata kitu kwa saa mbili amekwisha kuhama mara nne na kuwalaumu watu watano. Nilimwuliza kama tusogee. Akanijibu, "Kwenda wapi? Wako hapa. Wanafikiri."

Kisha kiboya changu kikafanya jambo ambalo sijapata kuona. Hakikuzama. Kililala ubavu, kimya, kama mtu aliyechoka. Mimi nilikuwa nikingoja kizame kama kwa sato, lakini Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Sasa." Nikainua ufito. Maana yake, alinieleza baadaye, samaki alikuwa ameyachukua manyoya akapanda nayo kidogo, uzito ukaondoka kwenye kiboya, kikakosa cha kukisimamisha. Anayengoja kizame atangoja mpaka Pasaka.

Wasomaji, samaki wa maji ya baridi havuti kwa haraka kama sangara. Huvuta chini, kwa uzito, anakataa. Mshipi ule mwembamba ulilia, ufito ukapinda hata ncha ikagusa maji, na Mzee akaninong'oneza nisimlazimishe, nimwache aende akitaka kwenda. Nikamwona akiwa bado mbali chini, rangi ya shaba inageuka geuka katika kijani. Ndiyo raha ya maji maangavu hiyo, kwa sababu kwetu humjui uliyemshika mpaka afike mkononi. Mzee alimtwaa kwa wavu laini. Alikuwa wa mdomo mdogo, jike, tumbo limejaa, macho mekundu kama makaa. Tukampima kwa rula ya mashua: inchi 18. Nilimkadiria kilo moja na nusu. Nilihesabu watoto wangu na vipande.

Mzee akamrudisha majini.

Sitaki kuficha kwamba roho iliniuma, na nikamwuliza kwa nini. Akanionyesha karatasi ya sheria za uvuvi za jimbo lao. Kwa ziwa lile, sheria niliyoikuta ilikataza kuchukua samaki wa mdomo mdogo kuanzia inchi 16 mpaka 21. Mdogo waweza kumchukua mmoja, na mkubwa kupita kiasi hicho mmoja, lakini wa katikati hao ndio mama wa ziwa, wanaachwa wazae. Katika baridi samaki hukua polepole, na yule jike alikuwa amekula miaka kadhaa kufika urefu ule. Sisi nasi tuna sheria zetu za matundu ya nyavu, na kokoro limekatazwa, lakini usiku kila mtu anajua linakovutwa. Sisemi kwamba kule watu ni wema kuliko sisi. Mzee mwenyewe aliniambia askari wa wanyama hupita na mashua, na faini yao inauma. Tena wao samaki ni mchezo wa siku ya mapumziko, na sisi ni ada ya shule. Hayo si sawasawa, na yeyote anayekuja kutuhubiria habari za samaki asisahau. Hata hivyo niliendelea kumfikiria yule jike. Ukilitazama kokoro likimwagwa mchangani, wale wasiofika urefu wa kidole, huoni hata mmoja ambaye mtoto angeshiba naye.

Mchana jua lilipokaza tulihamia kwenye mawe yaliyopata joto, na hapo wakaja wale wa madoa, wanne, ambao sheria haikuwabania sana. Hao tuliwachukua. Jioni Mzee aliwakata minofu, akaigalagaza katika unga wa mahindi wenye chumvi na pilipili, akaikaanga katika karai la chuma. Unga wa mahindi! Nilimwambia kwamba kwetu unga ule ule husongwa, na samaki huwekwa pembeni, yeye anawavalisha samaki kama koti. Kesho yake nilisonga ugali jikoni mwake. Alikula kwa mkono, akaungua kidogo, akaongeza. Akasema tangu mkewe afariki hajapata kula mezani na mtu juma zima.

Siku ya kuondoka aliniletea furushi. Ndani mlikuwa na ufito unaokunjwa vipande, viboya sita, manyoya ya bata katika bahasha, na majaketi mawili ya kuokolea, si mapya, lakini yenye vifungo vizima. Uwanja wa ndege waliniuliza kama naenda baharini.

Wengi mtataka kujua kama ule uvuvi wa kiboya unafaa kwetu. Nimejaribu. Kwa sato wa karibu na mawe, asubuhi maji yakiwa yametulia, mwezi wa Julai, nilipata wawili kwa manyoya bila chambo kingine, na baba yangu aliyekuja kunicheka aliondoka na kiboya kimoja. Kwa sangara sikupata kitu. Uzi wa ratli 6 kwa sangara ni kumpa mswaki.

Majaketi yale mawili, moja nilimpa shemeji yangu anayevua dagaa usiku. Siku za kwanza walimwita Mzungu. La pili linaning'inia kwenye msumari ofisini kwangu, nyuma ya mlango. Mvuvi yeyote wa parokia asiye na lake huja jioni, analivaa mbele yangu, nafunga vifungo, nalivuta juu mabegani nione kama litamtoka, naandika jina lake na saa katika daftari la shule la kurasa 48, na asubuhi akirudisha natia alama. Hadi Jumamosi iliyopita kuna mistari 71, na kila mstari una alama yake.